Moja ya Cheo, Moja ya Honi

Aliponipigia simu kuniambia nirudi kwenye gemu, nilikuwa nimeingiza mikono yote miwili ndani ya mashine ya boti. Ninafundisha ufundi wa mashine hizo kule Mbegani, na wanafunzi wangu wanajua kwamba mwalimu akishazama kwenye mashine hasemeshwi. Simu iliita ikakatika, ikaita tena ikakatika, na ilipoanza upya nikaipokea kwa kidole kimoja kisicho na grisi, nimeshakasirika.

"We Mkwere," sauti ikasema, "bado unajua kushika bunduki, au mkeo ameshakunyang'anya?"

Hasira iliniisha pale pale. Alikuwa rafiki yangu, mwalimu wa jiografia katika shule moja ya sekondari hapa Bagamoyo, au tuseme alikuwa mwalimu mpaka figo zake zilipogoma. Siku hizo alikuwa anakwenda Dar mara tatu kwa wiki, kwenye hospitali kubwa, anakaa kwenye kiti cha kuegemea tangu saa nane mchana mpaka jua linakaribia kuzama, damu yake inatolewa mkono wa kushoto, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudishwa. Nilisikia mlio wa mashine hiyo nyuma ya maneno yake. Fundi ni fundi tu, niliusikiliza mlio kwanza.

"Nimechoka kutazama dari," akasema. "Rudi kwenye gemu. Nina mkono mmoja mzima, na bando ninalo."

Niseme kidogo kuhusu gemu lenyewe, maana najua wapo watakaokunja uso wakisikia watu wazima wenye watoto wanacheza kwenye simu. Mnaingia watu wanne kwenye kikosi, kila mmoja na simu yake popote alipo, mnarushwa kutoka kwenye ndege pamoja na vikosi vingine vingi, mnatua kisiwani. Mnaokota silaha, mnaingia kwenye nyumba, mnapanda magari. Kisha duara linaanza kubana, anayebaki nje yake anakufa, na kikosi kinachobaki mwisho ndicho kimeshinda. Ushindi una pointi, pointi zinapandisha cheo, na cheo cha juu kabisa sisi tulikiita Taji. Msimu ukiisha, vyeo vinashushwa na watu wanaanza tena kupanda. Hakuna zaidi ya hapo, na bado nimewaona watu wazima wakigombana kwa ajili yake.

Zamani tulipokuwa ndiyo kwanza tumeajiriwa, tulipanga vyumba viwili vilivyopakana, nyuma ya stendi. Tulicheza kila jioni kwenye baraza moja, mgongo kwa mgongo, tukigombea chaja. Mwenzangu aliwahi kufika pua na mdomo na Taji. Ilibaki mechi moja, na katikati ya mechi hiyo umeme ukakatika mji mzima na mtandao ukafa nao. Hadithi hiyo aliwasimulia watu wote, mpaka mkwe wake. Mimi baadaye nikaoa, nikapata watoto, nikapewa usimamizi wa karakana, na siku moja nikalifuta gemu ili simu ipate nafasi ya picha za kazi. Sikulikumbuka tena.

Sasa kuna jambo jingine ambalo bila hilo habari hii haina maana. Mimi ni Mkwere. Yeye alikuwa Mnyamwezi, mtoto wa katekista aliyekuja Bagamoyo kwa kazi ya misheni akabaki. Kati ya kabila lake na langu upo utani wa tangu enzi za misafara, wazee wake walipokuwa wakifika huku pwani kwa miguu, mizigo begani. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako na kuchukua kuku uani kwako, na ukikasirika aibu ni yako. Ukifa, mtani ana kazi msibani. Ndugu wanalia, mtani anazuia. Anashika jembe akatae lisichimbe, anavaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, anasimama njiani jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, wanapumua kidogo, kisha maziko yanaendelea. Siku hizi mjini mambo hayo yanapungua kwa sababu misiba ina ratiba na vipaza sauti. Lakini baba yangu alizuia jeneza la katekista, baba wa rafiki yangu, na nilishuhudia kwa macho yangu.

Kwa hiyo rafiki yangu hakuwa rafiki tu. Aliponiita Mkwere nami nikamwita mpagazi, ilikuwa kama salamu.

Nilipakua gemu jioni ile ile. Kila kitu kilikuwa kimebadilika: vitufe vimehamishwa, silaha mpya, ramani mpya. Mechi ya kwanza nilitua juu ya paa nikashindwa kushuka, nikauawa na mtu ambaye hata sikumwona. Yeye alinicheka mpaka akapaliwa. Na yeye mwenyewe alikuwa kituko, kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa na sindano mbili na hakuruhusiwa kuusogeza. Aliegemeza simu kwenye mto na kucheza kwa kidole gumba cha kulia peke yake. Akitembea hawezi kupiga, akipiga hawezi kutembea. Kuna kitufe cha kumfanya mtu akimbie mwenyewe, basi alikibonyeza hicho akawa anakwenda mbele moja kwa moja, mkono wake wa bunduki umekakamaa, mpaka anagonga ukuta. Akigonga anageuka, anakwenda tena.

"Unakwenda wapi?" nilimwuliza.

"Naangalia nchi," akasema. "Hapa pana bonde la ufa kabisa. Aliyechora ramani hii alisoma."

Wachezaji wawili walitujazia kikosi. Mmoja alikuwa mama mwenye duka la dawa Lugoba, mwingine dereva wa lori ambaye husubiri mizigo Chalinze. Hatukuwahi kuonana nao, tulijuana kwa sauti tu. Mama wa Lugoba alikuwa na shabaha mbaya sana, mbaya kwa adui. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache. Kwa muda wa wiki chache tulicheza ovyo, tulikufa ovyo, na nilikuwa narudi nyumbani mbavu zinaniuma kwa kucheka. Mke wangu aliniambia uso umenirudia.

Kisha nikaharibu.

Ilianza kwa nia njema kabisa, na bado ninapofikiri naona nia ilikuwa njema. Siku moja dereva alisema msimu unakaribia kuisha na tuko mbali na Taji. Neno Taji lilinichoma. Nilimwona akilini rafiki yangu kwenye kiti chake, na ile hadithi yake ya umeme kukatika, nikajiambia: hili ninaliweza. Figo sikuweza kumpa. Nilikwenda naye kwa daktari nikajitolea, daktari akanitazama kwa upole akasema wanaangalia kwanza ndugu wa damu, na ndugu zake walikuwa wamepimwa mmoja mmoja wakaonekana hawafai. Mimi nikapigwa kalamu kabla ya kupimwa, mtani tu. Miezi mizima nilikuwa na mikono isiyo na kazi. Kwa fundi hiyo ni adhabu. Kitu kimeharibika mbele yako, unakiona, na huna spana.

Basi nikapata spana. Nikakaa nikasoma namna wenye vyeo wanavyocheza. Nikapanga nani anatua wapi, nani anabeba dawa, nani anatazama mgongo. Nikapiga marufuku maneno yasiyo ya mechi, kwa sababu mtu akicheka hasikii nyayo za adui. Na kwa mwenye mkono mmoja nikapata suluhisho ambalo nililiona ni la akili sana: akitua tu, aingie kwenye nyumba iliyo karibu, ajifungie chooni, achuchumae. Choo kina mlango mmoja na dirisha dogo, adui hapiti. Sisi watatu tutapigana nje, tutasogea na duara, likibana tutamfuata kwa gari, tutamwingiza kwenye choo kingine. Kikosi kikishinda, pointi anapata sawa na sisi.

Ilifanya kazi. Tulipanda cheo juu ya cheo. Kila siku ya mashine nilikuwa natoka karakana saa tisa na nusu, nakaa kwenye benchi nje, sinywi hata chai, naingia mechini na uso wa mtu anayekwenda kortini. Mama wa Lugoba akaanza kuniita Kamanda, na sikutambua kwamba ananisema. Rafiki yangu alitii kila kitu. Alikuwa akirusha tusi moja moja, na mimi nilikuwa nasema, "Tulia, tuko mechini." Wakati mwingine sauti yake ilikuwa dhaifu, na hapo nilimwambia pole.

Zilipobaki siku chache msimu uishe, tukawa tumefika pale pale alipofika yeye zamani. Jumapili nikaenda kwake kumpa habari hiyo uso kwa uso. Sikutaka kumwambia kwenye simu.

Nilimkuta kwenye kiti cha kamba barazani. Alikuwa amepungua shingo, na miguu imevimba. Kikombe chake cha maji kilikuwa kidogo kama cha kahawa, kwa sababu maji alipimiwa, na alikuwa akimung'unya kipande cha barafu ili apoze kiu. Mama yake alikuwa pembeni anachagua mchele. Nikamsalimu, "Shikamoo mama," akaitikia, "Marahaba mtani, umekuja kula?" maana naye ni Mnyamwezi na hakuwahi kuniachia nafasi. Nikacheka kwa adabu. Kisha nikamgeukia mwanawe nikamwambia kwamba imebaki mechi moja. Moja nzuri, basi, Taji.

Alimung'unya barafu mpaka ikaisha.

"Unajua mimi niko wapi kwenye hilo Taji?" akasema.

"Uko juu. Tuko wote juu."

"Niko chooni." Hakupandisha sauti. "Nakwenda Dar nakaa. Narudi nakaa. Naingia kwenye gemu, kisiwa kizima kile, milima, ziwa, na wewe unanifungia chooni. Nimechuchumaa nyuma ya mlango nasikiliza wenzangu wakiishi."

Nikamwambia nilikuwa namsaidia apande. Akasema anajua, na kwamba Taji analitaka, nisije nikadhani amelikataa. Amelitaka tangu ule umeme ulipokatika. Ila analitaka akiwa nje. Halafu akaegemea mbele, na hapo ndipo aliponishika.

"Na tangu lini umeacha kunitukana?"

Nikaanza kukwangua grisi kwenye kucha.

"Juzi nimesema Wakwere hamna kazi ila ngoma na kungoja chakula kiive. Ukasema pole, umeamkaje. Pole! Mtani wangu ananipa pole."

"Unaumwa," nikasema.

"Naumwa, sijafa. Wa kunihurumia ninao mpaka wananitosha. Mke wangu akiniona nakunywa maji anageukia ukuta. Wanafunzi wakija wananong'ona kama wako kanisani. Wewe nilikuita kwa sababu ndiye mtu pekee usiye na ruhusa ya kunihurumia. Sasa na wewe ukiingia kwenye foleni hiyo, mimi nabaki na nani?"

Mama yake aliacha kuchagua mchele. Mimi nilitazama sakafu. Nilikuwa na hasira, sitaficha, hasira ya mtu aliyetengeneza kitu usiku na mchana akaambiwa hakikuhitajika. Na chini ya hasira nilikuwa naogopa, kwa sababu nilianza kuona anapoelekea.

"Siku yangu ikifika," akasema, "kulia waachie ndugu. Wewe uzuie. Baba yako alimzuia baba yangu mpaka padri akacheka. Nataka na mimi nizuiwe. Utaweza?"

"Acha maneno hayo."

"Utaweza? Hebu nizuie sasa hivi nione."

Nilifungua mdomo. Naapa nilitafuta tusi, hata lile la upagazi ambalo nimelisema tangu tuko vijana. Halikutoka hata neno. Mwenzangu akarudi kuegemea kiti.

"Basi kafanye mazoezi," akasema, na akaomba kipande kingine cha barafu.

Siku ya mwisho ya msimu iliangukia siku yake ya mashine. Nilikaa kwenye benchi langu nje ya karakana, harufu ya petroli mikononi, na tukaingia mechini sote wanne. Kabla hatujarushwa kutoka kwenye ndege nilisema: "Leo hakuna choo." Nikawaambia mama wa Lugoba na dereva wapiganie pointi wanavyoweza, mimi nitakwenda na mwalimu.

"Afadhali, Kamanda," mama wa Lugoba akasema. Nadhani alikuwa akilisubiri neno hilo kwa muda mrefu.

Mwalimu akasema anataka ziwa, lililoko upande wa pili wa kisiwa. Tukapata gari bovu lisilo na paa. Mimi nikaendesha, yeye akakaa pembeni, na kwa kuwa ana kidole kimoja tu, akagundua kwamba kidole kimoja kinatosha kupiga honi. Akaibonyeza. Sijui kama nyote mnaelewa, katika gemu lile mtu hapigi honi. Unakwenda kimya, unazima hata injini kwenye mteremko. Yeye alipiga honi kijijini, akapiga darajani, akawapigia miti. Nilisikia risasi zikianza kutufuata kila upande, nikashika usukani, na kile kitu kilichonikwama kooni tangu Jumapili kikatoka chenyewe.

"We mpagazi mwanaharamu!" nikapiga kelele, na wanafunzi wangu wakatoa vichwa dirishani. "Babu zako walitembea Tabora mpaka hapa bila honi, na wewe unapanda gari mara moja tu unataka dunia nzima ijue!"

Alicheka. Alicheka kicheko kirefu cha zamani, cha baraza la nyuma ya stendi, akasahau mkono, na mashine yake ikaanza kulia, sauti kali ya kengele, nikasikia muuguzi anakuja mbio anamgombeza. "Mkwere ananiua," nilimsikia akimwambia, na bado anacheka. Tuliuawa hatua chache kabla ya ziwa. Mama wa Lugoba na dereva walijitahidi, wakaishia nafasi ya tatu. Pointi zilipojumlishwa zilikuwa zimepungua kidogo sana, kidogo cha kuudhi, na msimu ukafungwa. Taji hatukulipata. Nilingoja niumie na sikuumia.

Msimu uliofuata tuliweka utaratibu, na utaratibu ulikuwa wake: mechi moja ya cheo, mechi moja ya honi. Kwenye ya cheo tulicheza kwa makini, hata yeye, ila hakukaa chooni tena. Kumbe tungemwuliza mapema. Alikuwa anapanda mlimani mwanzoni mwa mechi, analala kifudifudi, na kwa kidole kile kimoja anaisoma ramani. Anatuambia maji yako wapi, watu watapita bonde gani, duara likibana kwenye mwinuko watu watashukia wapi. Mara nyingi alipatia. Tulikuwa tukishinda kwa sababu yake, wala si kwa kumbeba. Akikosea tulimtukana, naye anatutukana. Kwenye mechi ya honi hakuna aliyeruhusiwa kutaja pointi. Tulifika ziwani. Tulifika mara nyingi, na mara moja dereva aliendesha gari likaingia majini sote tumo ndani, akasema kwa sauti yake ya pole kwamba breki zilikuwa na tatizo tangu Segera.

Ningependa kusema alipata Taji. Hakupata. Tulikuwa katikati ya kupanda alipoanza kukosa pumzi, akalazwa, akatolewa, akalazwa tena. Alifariki asubuhi moja, mkewe akiwa ameshika mkono ule wa kushoto. Shemeji aliniambia habari hiyo kwa sentensi fupi kwenye simu, nikamwambia nakuja, kisha nikakaa kwenye benchi.

Msibani palijaa. Turubai, viti vya plastiki, wanafunzi wa shule nzima na sare zao. Mama wa Lugoba alikuja, mwanamke mfupi wa makamo, akanijua kwa sauti tu. Dereva alikuja vilevile. Alikuwa kijana kuliko nilivyomdhania, na kwa kuwa pikapu iliyokodishwa haikuwa na mtu wa kuiendesha kwa uangalifu, yeye ndiye aliyekabidhiwa ufunguo. Mshereheshaji alikuwa na kipaza sauti na ratiba: ibada saa ngapi, kuaga saa ngapi, kuondoka saa ngapi. Mimi nilikaa nyuma, kati ya wanaume wanaolia, na nililia. Nililia kama ndugu. Nilijua alichoniomba, na sikuwa nacho.

Walipokuwa wanajiandaa kulitoa jeneza, mama yake alipitishwa mbele yangu, ameshikwa na wanawake wawili. Akasimama. Uso wake ulikuwa umelowa wote.

"Mtani," akasema, "na wewe umekuja kulia?"

"Mama," nikasema.

"Basi leo hakuna wa kumzuia mwanangu. Anakwenda tu hivi hivi."

Wakampeleka mbele. Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nilikwenda kwa shemeji nikamwomba koti la mumewe, lile la kijivu lenye vumbi la chaki ambalo halikuwahi kutoka mfukoni, naye akaniingiza ndani akalitoa nyuma ya mlango bila kuuliza. Nilipotoka, jeneza lilikuwa limeshapakiwa na pikapu imeshawashwa. Nikavaa koti. Nikanyoosha mkono wa kushoto ukakakamaa, wa kulia nikaushika kama umeshika simu, kidole gumba juu, nikaanza kukimbia moja kwa moja, macho mbele, mpaka nikagonga ubavu wa gari. Nikageuka. Nikaenda moja kwa moja, nikagonga turubai. Watu walinitazama wakadhani akili imeniruka. Kisha nikasikia mama wa Lugoba anaangua kicheko nyuma kabisa, kicheko cha mtu aliyeshindwa kujizuia, na mama mzazi akageuza kichwa.

Nikasimama mbele ya pikapu.

"Haondoki mtu hapa!" nikasema. "Mpagazi huyu anakwenda wapi kimya kimya? Wazee wake waliingia Bagamoyo kwa nyimbo, mji mzima ukajua. Yeye anataka kutoka kama mwizi wa kuku?"

Mshereheshaji alisema kwenye kipaza sauti kwamba tuko nyuma ya ratiba. Mzee mmoja wa Kikwere akamwambia anyamaze, mtani yuko kazini. Mjomba wa marehemu akanijia na noti mkononi, ndivyo ilivyo desturi, mtani alipwe atoke njiani. Nikaisukuma.

"Weka pesa yako. Mimi nataka honi."

Mjomba hakuelewa. Padri alikuwa ameshaanza kutabasamu, lakini naye hakuelewa. Nikamtazama dereva kupitia kioo cha mbele. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, machozi yanamchuruzika mpaka kidevuni, na niliona taratibu anauondoa mkono mmoja.

Akaibonyeza, hakuiachia. Ililia pale uwanjani, ndefu, ya ovyo, ikalia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia na wanafunzi wakaanza kucheka wakiwa wameziba midomo, na mama yake akakaa chini kwenye mchanga, khanga mdomoni, mabega yanatikisika, akinionyesha kwa kidole na kuniita Mkwere mshenzi.

Nikasogea pembeni. Dereva aliendelea kupiga honi mpaka makaburini.